Jiwe la Kilo Tatu

Jiwe lile nililiweka mimi. Nasema mapema ili asiwepo mtu wa kusoma habari hizi akitafuta mchawi, au mwalimu mzembe, au msichana mwenye kiburi aliyetaka kuruka kupita uwezo wake. Hayo yote yamesemwa hapa Zagayu, mengine yamesemwa mbele yangu na watu waliokuwa wanakula ugali wangu, nami nimechoka kuyasikia.

Mwaka jana alikuja kijana kutoka ofisi mpya za wilaya kule Lagangabilili. Alikuwa anaandika orodha ya wanamichezo wa zamani wa huu mkoa wetu mpya wa Simiyu. Alikaa kwenye kigoda changu, akanywa maziwa yangu ya mgando, akaandika: Nyanjige Mayala, kuruka juu, bingwa wa mkoa wa Shinyanga mara tatu. Halafu akauliza kwa nini hakufika taifa. Kabla sijajibu, mwenyekiti aliyemleta akasema, "Andika sababu za kifamilia." Kijana akaandika, akafunga daftari. Niliyaona maneno yenyewe, maana darasa la nne nililifika. Sababu za kifamilia. Basi ngoja niieleze hiyo familia, na mizani, na waliokuwepo.

Nyanjige ni mtoto wangu wa kwanza. Alipewa jina la bibi yake mzaa baba, aliyezaliwa mwaka wa nzige, na watoto wenzake hawakumwacha. Akiruka kidogo tu walisema nzige ametua. Alianza kuruka hapa hapa nyumbani. Boma letu limezungukwa na minyaa, kama maboma mengi ya huku. Anayeijua minyaa anaujua utomvu wake. Ukikuingia jichoni unakaa siku tatu huoni kitu, na wapo ambao hawakuona tena. Mlango wa boma uko upande wa zizi la ng'ombe, na Nyanjige, tangu ana miaka minane, hakuwa na subira ya kuzunguka. Alipotumwa alikimbia moja kwa moja kwenye minyaa na kupita juu.

Nilimchapa. Nilimchapa kwa ajili ya macho yake, si kwa ajili ya kuruka. Lakini fimbo haikumwachisha. Ilimfundisha tu kuruka bila kugusa hata jani, ili nisione utomvu kwenye gauni. Minyaa ilikua kila mwaka, naye alikua nayo. Baba yake, Mayala, alikuwa anakaa na wenzake akimwonyesha kwa kidole.

"Atakayemuoa huyu itabidi aje na ngazi," alisema.

Mwalimu Machibya alimwona kwa kosa. Alikuwa mgeni wa huku, mtu wa Nassa, kwao ni wavuvi. Alikuwa na baiskeli moja na suruali mbili, na alifundisha sayansi na michezo. Asubuhi moja Nyanjige alichelewa shule, akaingia kwa kuruka ua, akatua mbele ya mwalimu mwenye fimbo.

"Rudi nje," mwalimu akamwambia.

"Mwalimu, nimeshachelewa."

"Rudi nje, uingie tena kama ulivyoingia."

Alirudi mara sita. Mara ya saba mwalimu alitupa fimbo, akaenda kutafuta kamba.

Kuanzia hapo nyumba yangu haikuwa na mtoto mchana. Mwaka 1992, akiwa darasa la sita, alichukua ubingwa wa wilaya pale Bariadi mjini, pekupeku, akiruka kwa mkasi, yaani mguu mmoja unatangulia na mwingine unafuata kama mkasi unaokata kitambaa. Mwaka 1993 alimaliza darasa la saba. Shule nzima walichaguliwa wavulana wawili kwenda sekondari. Yeye hakuchaguliwa, na hakuna aliyetueleza kwa nini. Mwalimu Machibya alikuja nyumbani jioni, akamwambia Mayala, "Shule imemwacha. Mimi sijamwacha." Akaendelea kumfundisha kwenye uwanja wa shule, yeye mkubwa kati ya watoto. Mwaka 1994 akaenda Shinyanga kwenye mashindano ya mkoa, akawashinda wasichana wa sekondari waliovaa viatu vya misumari. Mwaka 1995 akarudia, akaruka mita moja na sentimeta hamsini na sita.

Safari hizo mbili za Shinyanga alipanda lori la ushirika. Sitausifu ushirika kupita kiasi. Ulituchelewesha, makarani wake walikula, na tuliwalaani. Lakini msimu wa michezo ulipofika, lori lilikuja, na ndani yake kulikuwa na gunia la unga, debe la maharage na fulana za vijana wetu. Halafu tukaambiwa biashara ya pamba sasa ni huria. Godauni la ushirika likafungwa, lori likauzwa, na miezi michache baadaye godauni lile lile likafunguliwa na kampuni ya watu wa mjini. Jina lake refu hatukulishika. Tuliwaita Magari Mekundu.

Karani wao aliitwa Elia. Kijana safi, kalamu mbili mfukoni, ufunguo wa godauni kwenye uzi shingoni. Siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema, "Wazazi wangu, zama za kulazimishwa zimekwisha. Sasa unamuuzia unayemtaka."

Jirani yangu Felisita, ambaye hana adabu na ndiyo sababu nampenda, akauliza, "Na wewe uko peke yako, sasa nikutake nani?"

Watu walicheka. Elia alicheka pia. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Uhuru wa soko ulifika kwetu ukiwa na mizani moja.

Bosi wa Magari Mekundu alikuja shuleni baada ya Nyanjige kurudi na medali ya pili. Alipiga picha naye mbele ya lori. Alisema kampuni yake inapenda michezo, na kwamba itamletea godoro la kurukia, nene kama kitanda cha mzungu. Picha ilitundikwa godauni, juu ya meza ya Elia. Godoro tuliliuliza kila wiki. Mara liko Mwanza. Mara liko njiani. Mara Elia anasema, "Mayu," yaani mama, "godoro si sindano, haliletwi mfukoni."

Na godoro lilihitajika. Mwaka 1996 mashindano ya taifa yalikuwa Dar es Salaam, mwezi wa nane, na barua iliyokuja wilayani ilisema msichana wa kuruka juu atakayechukuliwa lazima awe ameruka mita moja na sitini na tano. Mwalimu Machibya alikuja na kijitabu chenye picha, akaketi na Nyanjige chini ya paa la jiko langu.

"Kwa mkasi umefika mwisho," alimwambia. "Wenzako wanapita kwa mgongo. Unakimbia kwa kupinda, unageuka, unatanguliza kichwa na mabega, miguu inakuja mwisho."

"Na natua na nini?" Nyanjige akauliza.

"Na mgongo."

"Juu ya nini?"

Mwalimu alikifunga kijitabu. "Hapo ndipo tulipo," akasema.

Walianza kwenye mchanga. Kila jioni nilimlaza binti yangu kifudifudi, nikamkanda mgongo kwa maji ya moto na samli. Mgongo ulikuwa na mabaka kama ngozi ya ndama. Hakulia. Aliniuliza tu, "Mama, Dar ni mbali kuliko Mwanza?" Nilimwambia ni mbali sana. Akasema, "Nitafika." Nami nilitaka afike. Nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na bado nikafanya nililofanya.

Sasa mizani. Mwezi wa sita nilikuwa na mtoto mchanga, na kila mwezi nilimpeleka kliniki kupimwa uzito. Muuguzi pale alikuwa Generoza. Ile mizani yao inaning'inia kwenye boriti, mtoto anawekwa kwenye kibukta cha kitambaa, sindano inaonyesha. Siku moja nilipita kliniki nikiwa na furushi la pamba kichwani, nikielekea kwa Elia. Nilimwomba Generoza alining'inize.

"Huyu mtoto wako mweupe ameshiba," Generoza akasema. "Kilo ishirini kamili."

Kutoka kliniki hadi godauni ni mwendo wa kumaliza rozari moja. Elia alipima furushi lile lile, shuka ile ile, akaandika kumi na saba.

Nilimwambia nimetoka kupima sasa hivi. Nilimwambia wapi.

"Mizani ya watoto ni ya watoto, mayu," akajibu bila kuinua uso. "Hii ni ya kampuni. Anayefuata."

Waliokuwa nyuma yangu walicheka. Si kwamba walimwamini. Walicheka kwa sababu wote walikuwa wanalijua jambo hilo, na mimi peke yangu nilikuwa nimedhani kusema kutasaidia. Felisita alinivuta pembeni.

"Usibishane na chuma, Apolonia. Kilishe."

Ndipo nilipojua. Huyu anamwaga maji kwenye pamba alfajiri. Yule anatia mchanga. Mwingine anaweka jiwe. Pamba iliyokuwa inachambuliwa kwa mikono, safi huku na fifi, yaani ya daraja la pili, kule, ambayo bibi zetu wangeona aibu kukutwa na jani ndani yake, sasa ilikuwa inalimwa kwa ajili ya kudanganyana. Mwizi alikuwa mezani akiandika, nasi tukapanga foleni kujifunza kazi yake.

Nilichagua jiwe nyumbani. Lilikuwa lile dogo la kusagia, la mkononi, la marehemu mama mkwe. Tangu mashine ya kusaga ije hapakuwa na mtu wa kulitumia. Lilikuwa laini kama sabuni iliyokwisha nusu, na upande mmoja lina kovu lililopigwa na nyundo. Siku ya kliniki nililibeba kwenye kanga, nikamwomba Generoza alipime baada ya mtoto. Kilo tatu. Aliniangalia, nami nikamwangalia, hakuuliza. Nilijiambia siibi, narudisha. Kilo tatu zimechukuliwa, kilo tatu zinarudi. Jumamosi nililizungushia pamba mpaka likawa kama pamba yenyewe, nikaliweka katikati ya furushi, nikamuuzia Elia. Wasaidizi wake walilimwaga kwenye lundo la godauni, lundo refu kuliko mtu. Nilirudi nyumbani nikiimba. Sitaki kuficha hilo. Niliimba.

Kila Jumamosi jioni gari jekundu lilikuja kubeba pamba. Jumamosi ile liliharibika mtoni, halikufika.

Jumapili nilikuwa natoka kanisani na mtoto mgongoni. Felisita, ambaye si mtu wa misa, alinikuta njiani.

"Unatembea taratibu namna hiyo na mwanao anaruka kwa Elia? Watu wamejaa kama mnadani."

"Anaruka wapi?"

"Kwenye pamba. Mwalimu amemwomba Elia, Elia amekubali. Lundo lote ni godoro. Sasa anatua kama malkia."

Nilikimbia. Mtoto mgongoni alilia na sikumnyamazisha.

Milango mikubwa ya godauni ilikuwa wazi. Walikuwa wamesimamisha nguzo mbili na ufito mbele ya lundo, na watu walikuwa wamekaa hadi kwenye magunia. Mwalimu Machibya alikuwa na futi ya fundi mkononi. Elia alikuwa ameketi juu ya meza yake, anakula karanga. Nilifika wakati Nyanjige anaanza kukimbia. Nilikuwa sijamwona akiruka kwa mgongo kwenye kitu laini. Alikuja kwa kupinda, akapiga mguu chini, akageuka, na kwa muda mfupi alikuwa amelala hewani anaangalia paa la bati, kisha miguu ikachomoka, akazama kwenye pamba hadi masikioni. Watu walipiga vigelegele. Alitoka akicheka, nywele nyeupe kama bibi.

"Sitini," mwalimu akasema. Mita moja na sitini.

Hapa ndipo nilipomvunja binti yangu, si Jumamosi. Jumamosi nilikuwa mwizi wa kawaida. Jumapili nilisimama pale nikiwa najua. Nilipiga hesabu. Mafurushi zaidi ya mia yamo humo, na jiwe langu ni moja, na kitu kizito huzama chini. Nikisema, Elia atasikia. Pamba yetu itakataliwa, Mayala ataitwa, jina langu litatajwa hadi kanisani. Nikasema moyoni, aruke hii tu, halafu nitamwita nyumbani kwa sababu yoyote. Nilisogea kwenye lundo nikaanza kupapasa kwa mikono.

"Mayu, toka kwenye pamba," Elia akasema. "Unaichafua."

Nikatoka. Mtu mzima mimi, nimeambiwa na kijana mwenye kalamu mbili, nikatoka. Ufito ukapandishwa kidogo, Nyanjige akaruka ya pili, akaangusha. Akaruka ya tatu, akapita. Mwalimu akapandisha ufito hadi sitini na tano, kipimo chenyewe cha Dar, na godauni zima likanyamaza. Nami nikanyamaza pamoja nao.

Alipita. Nataka iandikwe mahali fulani kwamba alipita. Ufito haukutikisika. Akatua, na kwenye ile pamba laini tukasikia mlio kama wa kuni kavu.

Tulimbeba kwa kitanda hadi barabarani, halafu kwa mkokoteni wa ng'ombe, halafu gari la mtu mwenye huruma hadi hospitali mjini. Mfupa wa nyonga ulikuwa umepasuka. Siku hizo mgonjwa alikuja na vyake vyote. Waliniandikia kwenye karatasi vitu vya kwenda kununua dukani: sindano, glavu, bandeji, pamba. Niliisoma karatasi ile mara mbili. Nililima ekari tatu za pamba, kijiji changu chote kimezungukwa na pamba, mtoto wangu alivunjikia ndani ya pamba, na nilitumwa kununua pamba dukani.

Alikaa kitandani wiki tisa. Mwezi wa nane ulipita akiwa anaangalia dari.

Kijijini walikuwa wamelitoa jiwe kwenye lundo. Elia alitangulia kusema kwamba mwalimu aliingia godauni bila ruhusa. Alisema hivyo mbele ya watu waliomwona anakula karanga. Wilayani wakaandika barua kwamba Mwalimu Machibya amehatarisha mwanamichezo, asimamishwe kufundisha michezo, ahamishwe. Wakati ule Nyanjige alikuwa ameanza kusimama kwa magongo, na neno lake la kwanza kila mwalimu alipokuja kumwona lilikuwa, "Tutaanza lini?" Nililijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Mwalimu akiondoka, binti yangu hataruka tena. Hakuna mwingine wilaya nzima aliyejali.

Kikao kilifanyika darasani. Alikuja ofisa wa elimu, mwenyekiti wa kijiji alikuwepo, Elia, wazazi, na Nyanjige kwenye dawati la mbele na magongo yake. Jiwe lilikuwa mezani juu ya gazeti. Sikuweza kuliangalia, na sikuweza kuacha kuliangalia.

Elia alisema maneno yake. Mwalimu alisema, "Ulinipa ruhusa, Elia. Ulinisaidia hata kuchimbia nguzo."

"Sikumbuki," Elia akasema.

Ofisa akagonga meza. "Na jiwe ni la nani?"

Watu wazima sitini, kila mmoja anaangalia miguu yake.

"Ni wakulima hawa hawa," Elia akasema. "Wezi. Wanatia mawe, halafu wakiumia wanalaumu."

Nilisimama. Mayala alinivuta kitenge. "Kaa chini, Apolonia," alisema kwa sauti ya chini. Yeye alikuwa anajua tangu jiwe lilipotolewa. Hatukuwahi kulizungumza.

"Ni langu," nikasema. "La kusagia, la mama mkwe. Lina kovu upande wa chini, ligeuzeni. Mwalimu hakujua. Mimi nilijua, na nilikuwepo, na sikusema."

Sauti zilianza nyuma yangu. Mwanamke mmoja akasema, "Mama gani huyu." Niligeuka.

"Mwenye kuniuliza hivyo asimame," nikasema. "Asimame ambaye msimu huu hakutia maji, hakutia mchanga, hakutia jiwe. Asimame niongee naye."

Felisita peke yake ndiye aliyefungua mdomo. "Mimi nina miguu mibovu," akasema, "lakini hata ingekuwa mizima nisingesimama."

Nikamwambia ofisa jiwe lina kilo tatu kwa mizani ya kliniki, na Generoza, ambaye alikuwa amekaa dirishani, akasema ndiyo, alilipima mwenyewe. Nikasema, sasa tulipeleke kwa Elia. Godauni liko ng'ambo ya uwanja. Elia akasema ufunguo umechukuliwa na bosi.

"Uko shingoni mwako," mwenyekiti akasema.

Tulikwenda sote. Mwalimu alilibeba jiwe, akaliweka kwenye sahani ya mizani. Sindano haikusogea. Ilibaki pale pale kwenye sifuri, kana kwamba hatujaweka kitu. Mwalimu akaliondoa, akaliweka tena. Sifuri. Kilo tatu za kwanza za kila furushi mizani ile ilikuwa inazimeza, furushi kwa furushi, nyumba kwa nyumba, misimu miwili. Jiwe lililovunja nyonga ya mwanangu, kwa mizani ya kampuni, halikuwa na uzito wowote. Na juu ya meza, bosi alikuwa anacheka pichani na mkono wake begani kwa Nyanjige.

Nilimtazama ofisa aandike. Alifunga kalamu.

"Mambo ya mizani si ya ofisi yangu," akasema. "Mimi ni wa elimu."

Mwalimu Machibya alihamishwa mwezi uliofuata. Baadaye niliiona barua yake ya uhamisho. Ilikuwa imepigwa mhuri siku nne kabla ya kikao. Elia aliondolewa, akaletwa mwingine na mizani mpya, na msimu uliofuata kampuni ikaanza kukata kilo moja katika kila furushi, ya mawe, walivyoiita. Ilikatwa hata kwa asiye na jiwe. Kwa hiyo kijiji kilinichukia mimi. Elia walimsahau. Mimi hadi leo wapo wanaonisalimia mwangaluka kwa kuniangalia mikono.

Jioni ya kikao, njiani kurudi, nilimwambia Nyanjige kwamba nilitaka kumwambia mapema.

Alisimama kwenye magongo yake. "Mama, nilisagia jiwe lile miaka saba," akasema. "Nililijua nikiwa bado nimelala juu yake. Nilikuwa nangoja uniambie wewe."

Hakuongea nami kupanda hadi kuvuna. Alikula, alifanya kazi alizoweza, aliitikia kwa kichwa. Afadhali angenitukana.

Alipoweza kutembea bila magongo, alichimba shimo nyuma ya boma, karibu na minyaa. Alichota mchanga mtoni kwa ndoo, safari nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na kila ndoo aliichekecha kwenye ungo kabla ya kuimwaga shimoni. Nilikwenda nikashika ungo mwingine. Hakunifukuza. Tulichekecha wiki tatu hatusemi. Mwalimu Machibya alimwandikia barua kutoka alikohamia: asirudie mgongo, nyonga haitastahimili, arudi kwenye mkasi, mbio ziwe hatua tisa, aweke alama pa kuanzia. Nyanjige alikwenda kwa mwenyekiti akaomba jiwe. Alipewa. Akalifanya alama.

Mwaka 1998, baada ya zile mvua kubwa, alikwenda tena Shinyanga. Lori halikuwepo. Ilikuwa kila mtu na nauli yake na chakula chake. Asubuhi ya safari alikuwa amefunga nguo zake, na jiwe liko chini mlangoni.

"Utalibeba wewe," akaniambia. Ndiyo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu yasiyo ya kazi.

Nililibeba. Nilipanda nalo magari mawili, likiwa mapajani kama mtoto. Uwanjani msimamizi mmoja aliuliza hicho ni nini, Nyanjige akamjibu ni alama, na huyu ni mama yangu, anajua pa kuliweka. Alihesabu hatua tisa kutoka kwenye ufito, akanionyesha kwa kidole cha mguu. Nikaliweka pale.

Siku ile aliruka mita moja na hamsini kwa mkasi. Ni chini ya alivyoruka akiwa na miaka kumi na saba, na kule Dar hakuna aliyeuliza habari zake, lakini Shinyanga hakuna aliyemfikia. Huo ndio ubingwa wa tatu ambao yule kijana aliuandika. Mimi sikuuona. Waliokuwa karibu nami walikuwa wanatazama ufito. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kando ya shimo la kurukia tangu asubuhi, nimepitisha mikono kwenye mchanga wote, na alipokuwa hewani nilikuwa naangalia pale atakapotua.